Mgeni Njoo: Je, Mwenyeji Anapona?

Mada iliyotolewa kwenye hafla ya mwaka ya harambee ya chama chetu, Dar es Salaam



Kamati iliponiomba niseme neno juu ya utalii na maendeleo ya Songea, niliwakumbusha kwamba mimi si mtu wa utalii. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuangalia fedha iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Wakanijibu, “Basi tufanyie hivyo hivyo.” Kwa hiyo leo sitawaimbia sifa za milima na maziwa. Nitafunga hesabu mbele yenu, halafu nitawaambia kwa nini naomba mchango wa mwaka huu uende kwingine, si pale wengi wetu tulipotarajia.

Nianze na picha ya taifa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Ikaja korona, na mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Tangu hapo wamepanda kila mwaka: 922,692 mwaka 2021, kisha 1,454,920, kisha 1,808,205, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Mapato ya mwaka huo wa 2024 yalikuwa karibu dola bilioni 3.9. Hizi ni habari njema na hakuna wa kuzibeza.

Lakini ndugu zangu, wageni hao wengi tunajua wanakokwenda: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Hata unaposikia habari za mzunguko wa utalii wa kusini, mara nyingi maana yake ni Mikumi, Udzungwa, Ruaha na Nyerere. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, inagusa Namtumbo yetu, lakini mgeni wake kwa kawaida huingilia upande wa pili. Sisi tunasikia namba za taifa zikipanda kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji cha jirani.

Kuna namba nyingine ambayo huwa haipigiwi makofi, nayo ndiyo yetu. Mwaka huo huo wa 2024, watalii wa ndani, yaani Watanzania wenzetu, walikuwa 3,218,352. Ni wengi kuliko wageni wa nje. Mwalimu aliyeleta wanafunzi wake ni mtalii. Mfanyakazi wa benki wa hapa Dar aliyemchukua mke na watoto kwenda kuona asichokijua ni mtalii. Huyu haoni shida kulala nyumba ya wageni ya kawaida, anaongea lugha yetu, na akifurahi anawaambia wenzake kumi kazini.

Sasa tuje nyumbani. Tuna nini cha kumwonyesha?

Tuna kitu ambacho hakuna wilaya nyingine inayoweza kukijenga hata ikipewa mabilioni. Pale Mahenge, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Mashujaa 67 tunawakumbuka mahali pale, wengi wao wakiwa wamelala katika kaburi moja, na Nduna Songea Mbano akiwa na kaburi lake peke yake. Mji wetu unaitwa kwa jina lake. Tunaye pia Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980, na tangu 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwaka mwishoni mwa Februari tunakuwa na kumbukizi.

Kutoka hapo mgeni anaweza kwenda milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanza safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Anaweza kwenda Peramiho, walikofika Wabenediktini mwaka 1898, akaona kanisa la abasia na hospitali. Kuna bustani ya wanyama ya Luhira hapo hapo mjini. Akiwa na siku zaidi, lami sasa inamfikisha Mbinga kwenye kahawa, na kutoka Mbinga kilomita 66 hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Jirani ya hapo ni Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani, mapigano yanayohesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza.

Na tulishapata tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kutuuzia. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale Mahenge, akakutana na wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Aliahidi juhudi za kutafuta kichwa cha Nduna Songea, ambacho inaaminika kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Siku ile jina la Songea lilitajwa na vyombo vya habari vya dunia nzima. Kisha wageni wakaondoka.

Hapo ndipo mhasibu anapofungua daftari.

Miaka michache iliyopita nilikwenda nyumbani kwa kumbukizi ya Februari. Nilimshawishi mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa Tanga, aje na familia yake. Magari mawili, watu wazima wanne, watoto watano. Kwa mazoea ya kazi, niliandika kila shilingi.

Kwenye makumbusho tulielezwa vizuri sana. Mtoto wa mwenzangu, wa darasa la tano, alisimama mbele ya kaburi la halaiki, akauliza, “Baba, wote hawa siku moja?” Baba yake hakuweza kumjibu. Tukatoka nje kimya. Saa ilikuwa saa sita mchana, na mwenzangu akaniuliza, “Haya, sasa tunakwenda wapi?”

Ndugu zangu, mimi niliyezaliwa Songea sikuwa na jibu. Nilitaja chanzo cha mto Ruvuma. Tukauliza njia kwa watu watatu, tukapata majibu matatu. Hatukufika. Tukarudi mjini kula. Mwenzangu akaomba chakula cha Kingoni. Akaambiwa kuna chipsi kuku, wali kuku, na soda. Kwa watoto kulikuwa na juisi ya boksi iliyosafiri pamoja nasi kutoka Dar es Salaam. Na hiyo ilikuwa Februari! Asubuhi ile ile, tukiingia kwa barabara ya Njombe, tulikuwa tumewapita akina mama wamepanga uyoga kwenye ungo kando ya barabara, na mahindi mabichi ya kuchoma yalishaanza. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwa mezani.

Mke wa mwenzangu akataka zawadi ya kupeleka nyumbani. Katika duka moja alipata kinyago kizuri. Nikamuuliza kijana wa dukani kimechongwa wapi. Akasema kimetoka Mwenge. Mwenge ya hapa Dar! Tulisafiri karibu kilomita elfu moja kwenda kununua kitu cha Mwenge.

Kesho yake asubuhi mwenzangu akasema wameridhika, wataanza safari ya kurudi. Alikuja na likizo ya siku nne na fedha ya siku nne. Songea ililala naye usiku mmoja. Fedha iliyobaki aliitumia Iringa.

Ndiyo maana nasema tusikimbilie kuhesabu vichwa. Kuna namba tatu, na kichwa ni ile ndogo kuliko zote. Ya kwanza ni wangapi wamekuja. Ya pili ni wamelala usiku mangapi. Ya tatu, ambayo ndiyo inayojenga nyumba na kulipa ada, ni katika kila shilingi elfu aliyotoa mgeni, ngapi zimebaki Songea.

Nitawapa hesabu ya mfano. Si takwimu, ni mfano tu wa kutusaidia kufikiri. Mgeni anayepita kwa saa mbili analipa kiingilio, ambacho kinakwenda kwenye makumbusho yenyewe, ananunua maji na chipsi, anaondoka. Tuseme ameacha Sh. 10,000. Mgeni anayelala usiku mara mbili analipa chumba Sh. 60,000, chakula Sh. 30,000, bajaji na bodaboda Sh. 10,000, kijana wa kumwongoza Sh. 10,000, na ananunua kahawa na asali ya Sh. 10,000. Jumla Sh. 120,000. Mgeni huyu mmoja ni sawa na wale kumi na wawili. Hatukuhitaji kujaza mabasi kumi na mawili. Tulihitaji kumpa mmoja sababu ya kubaki.

Sasa angalia namba ya tatu. Kama kuku ametoka nje ya mkoa, juisi imetoka Dar, kinyago kimetoka Mwenge, basi fedha imepiga chafya tu Songea ikaendelea na safari. Lakini kama uyoga ni wa mama wa barabara ya Njombe, mahindi ni ya Songea Vijijini na kahawa ni ya Mbinga, ile Sh. 30,000 ya chakula inazunguka. Mama wa uyoga anamlipa fundi cherehani, fundi cherehani ananunua unga, mwenye unga analipa ada. Shilingi ile ile imefanya kazi mara tatu kabla haijapanda basi la Dar.

Na kuna jambo la majira ambalo sisi tuliokulia kule tunalijua bila kufundishwa. Mkoa wetu ni ghala la mahindi, lakini Februari si mwezi wa mavuno. Ni mwezi wa jembe. Mbolea imeshamaliza fedha, ada za Januari zimemaliza iliyobaki, na mahindi mapya bado yako shambani. Sh. 5,000 inayomfikia mama Februari ina uzito kuliko Sh. 5,000 ya Agosti, wakati kila mtu ana gunia la kuuza. Wazee wetu walinyongwa Februari. Kumbukizi yao inaleta wageni katika mwezi ambao wajukuu wao wana uhitaji mkubwa. Tukishindwa kulitumia hilo, tutakuwa wazembe wa hesabu na wa mambo mengine pia.

Hapa lazima nimjibu mzee mmoja, ambaye yupo nasi jioni hii na ninamheshimu sana. Mwaka jana nilipogusia jambo hili kikaoni, alisimama akasema, “Babu zetu hawakunyongwa ili sisi tufungue duka.” Niliketi. Nimelibeba neno hilo mwaka mzima.

Mzee wangu, umesema kweli, na nimejaribu kulijibu kwa kuangalia wenzetu. Kigali kuna mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, palipofunguliwa mwaka 2004, ambapo zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Kuingia ni bure. Anayetaka hulipia kifaa cha kumsimulia masikioni, na anayeguswa huacha mchango. Hakuna anayeuza kaburi. Lakini mgeni aliyefika pale lazima alale mahali, ale, apande gari, na jioni anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Hapo ndipo mji unapopata riziki yake. Nasi tufanye hivyo. Kaburi libaki pa kuhiji. Tunachouza ni kitanda, chakula, kahawa na muda wa kijana anayejua historia. Na sehemu ya fedha hiyo irudi kuitunza kumbukumbu, kwa sababu wazee wanaojua masimulizi ya koo zao wanatutoka kila mwaka, na hakuna anayewarekodi kwa mpango.

Sasa tuje kwenye fedha ya harambee. Najua pendekezo lililo mbele yetu ni kujenga hosteli ya chama yenye vyumba 20, na sababu iliyotolewa ni kwamba wiki ya kumbukizi vyumba mjini havipatikani. Ni kweli, hata mimi nimewahi kuhangaika. Lakini fuateni hesabu. Vyumba 20 kwa siku 365 ni usiku 7,300 wa kuuza kila mwaka. Kumbukizi ikivijaza kwa siku tano, tumeuza usiku 100. Hiyo haifiki hata asilimia mbili. Usiku 7,200 uliobaki tutamuuzia nani? Tutagombania wateja na nyumba za wageni zilizopo Bombambili na Mfaranyaki, ambazo wenyewe ni ndugu zetu hao hao, na ambazo miezi mingine zinalalamika hazina watu. Tutakuwa tumetumia michango ya watu wa Songea kuwafilisi watu wa Songea.

Tatizo la Songea si vitanda. Ni kwamba mgeni akishatoka makumbusho saa sita mchana, hana sababu ya kutafuta kitanda.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote pamoja yakigharimu sehemu ndogo tu ya ile hosteli.

Kwanza, waongozaji. Tuwagharamie vijana 12 waliomaliza kidato cha nne au cha sita na hawana kazi. Wakae na wataalamu wa makumbusho wajifunze historia. Wakae na wazee, wakiwa na simu za kurekodi, wayachukue masimulizi ya koo zao kabla hayajapotea. Wazijue njia za Matogoro, Peramiho na Luhira kwa miguu yao wenyewe. Tusidhani hatuna pa kujifunzia. Namtumbo kuna chuo cha Likuyu Sekamaganga ambacho kimefundisha askari wanyamapori wa vijiji kwa miaka mingi. Kijana wa kijiji anafundishika.

Pili, meza. Tuwakutanishe akina mama wenye uyoga, mboga, asali na kuku wa kienyeji na wenye nyumba za wageni. Chama kitoe mtaji mdogo wa mzunguko ili mama apeleke bidhaa Jumatatu, alipwe siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba ya wageni arudishe mwisho wa mwezi. Kila nyumba itakayojiunga iwe na angalau mlo mmoja wa kwetu, na jagi la togwa. Wiki ya kumbukizi, vyumba vikijaa, familia zilizo tayari ziandikishwe zipokee wageni majumbani kwa bei inayojulikana. Hiyo ndiyo hosteli yetu, na imeshajengwa.

Tatu, daftari. Najua mnacheka, mhasibu lazima aombe daftari. Lakini leo hakuna mtu katika chumba hiki anayeweza kusema Februari iliyopita mgeni wa kawaida alilala usiku mangapi mjini kwetu. Tunatoa michango kwa kukisia. Nataka kila nyumba ya wageni itakayoshiriki imuulize mgeni maswali matano: umetoka wapi, umekuja na wangapi, umelala usiku mangapi, umetembelea wapi, na ni kitu gani ulikitafuta ukakikosa. Swali la tano ndilo la dhahabu. Lingeulizwa kwa mwenzangu, Songea ingejua mapema kuhusu chakula cha Kingoni na njia ya kwenda chanzo cha Ruvuma.

Kuna na jambo la nne, ambalo halihitaji mchango wa fedha. Sisi tulioko hapa ndio ofisi ya utalii ya Songea. Kila mmoja wetu Februari ijayo aende nyumbani na familia moja isiyo ya kwetu. Mchukue jirani, mchukue bosi, mchukue mwalimu wa mtoto wako. Wengi wetu tunakwenda nyumbani kwa misiba tu, tunafika usiku, tunazika, tunageuza gari. Watoto wetu wanaijua Songea kama mahali pa kulia. Wangeweza kuijua pia kama mahali pa kujivunia.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naomba tumfikishe mgeni wetu hiyo siku ya tatu, na badala ya jembe tumpe kikombe cha kahawa ya Mbinga, alipe, abaki na ya nne.

Mwisho, ahadi. Mkikubali mpango huu, mwakani nitasimama hapa hapa nikiwa na lile daftari. Nitawasomea wageni wangapi, usiku mangapi, akina mama wangapi wamelipwa na kiasi gani. Kama namba zitakuwa mbaya, nitazisoma hivyo hivyo, na nyie mtaamua kama turudi kwenye hosteli. Bahasha ziko mezani. Mimi nimeshaweka yangu, na nimeandika juu yake neno moja: waongozaji.

 Mungu aibariki Songea.